Dalili ya Mvua Ni Wingu Lipi?

Hadithi, hadithi!

Mmeitika "hadithi njoo", nami nashukuru. Leo lakini msiongeze "uongo njoo". Binti na babu nitakaowaleta nimewatunga mwenyewe, ila ziwa wanaloishi kando yake lipo, upepo wake upo, na mawingu yake ni ndugu wa haya yaliyo juu ya paa lenu.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu, na walisema kweli. Lakini hebu kumbukeni mawingu mangapi yamepita wiki hii bila kuacha hata rasharasha. Kwa hiyo nina swali la kwanza: ni wingu lipi ndilo dalili? La pili ni gumu zaidi: je, mvua yaweza kuwa njiani ilhali anga limetakata, halina hata wingu moja? Binti wa hadithi yetu alikutana na maswali haya mawili kwa siku moja, na kesho yake asubuhi alikuwa ameshapata majibu yote.

ALFAJIRI

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Ziwa lenyewe lina eneo la karibu kilometa za mraba 68,800, na limekaa mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nchi za Tanzania, Uganda na Kenya zikiligawana. Ilikuwa Novemba, vuli imeshika. Binti wa darasa la 6 aliteremka mwaloni kumpokea babu yake.

Mitumbwi ya dagaa ilikuwa ikirudi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, hasa kipindi cha giza, mwezi unapokuwa haupo, kwa sababu taa zao huwavuta dagaa vizuri zaidi maji yanapokuwa meusi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamka salama?"

"Salama. Babu, kule mbali ziwani kuna mawingu mazito, na huku juu yetu hakuna kitu. Kwa nini yamekaa kule tu?"

Babu aliufunga mtumbwi kwanza, kisha akasema, "Ukitaka kujua kwa nini wingu liko mahali fulani, uliza kwanza limetengenezwaje."

Nami nianzie hapohapo. Hewa tunayovuta ina maji ndani yake, yaliyo katika hali ya mvuke. Mvuke huo hauonekani kwa macho. Hewa ikipanda juu hutanuka, na ikitanuka hupoa: kila ikipanda kilometa 1, hewa isiyo na wingu hupoteza karibu nyuzi joto 10. Ikifika kwenye baridi ya kutosha, mvuke hugeuka kuwa matone. Mmeshaliona jambo hili jikoni. Ukifunua sufuria ya wali, mfuniko unachuruzika maji kwa ndani, kwa sababu mvuke uligusa mfuniko wenye joto dogo kuliko lake, ukarudi kuwa maji. Angani hakuna mfuniko, kwa hiyo mvuke hujishikiza kwenye chembe za vumbi, za moshi, au za chumvi iliyorushwa na mawimbi ya bahari. Bila chembe hizo wingu lingepata shida kubwa kuanza.

Wingu la kawaida, lenye kilometa 1 kwenda juu na kilometa 1 kila upande, linabeba maji yenye uzito wa karibu tani 500. Mbona halituangukii? Kwa sababu maji hayo yamegawanyika katika matone madogo mno, yenye upana wa karibu sehemu 2 za mia za milimita. Tone la kiasi hicho hushuka sentimita 1 au 2 tu kwa sekunde, na hewa inayopanda chini yake hulirudisha juu kabla halijafika popote. Ili lipatikane tone moja la mvua linaloweza kufika ardhini, matone hayo madogo yapatayo milioni 1 lazima yaungane.

Basi shikeni jambo hili moja, kwa sababu hadithi yote iliyobaki inalitegemea: penye wingu, hewa imepanda. Mawingu aliyoyaona binti yalikuwa juu ya ziwa kwa sababu usiku kucha hewa ilikuwa ikipanda kule. Kwa nini ipande ziwani usiku? Hilo tutalifikia giza likiingia.

SAA 4 ASUBUHI

Jua lilipopanda, mambo yaligeuka. Mawingu ya ziwani yalianza kukatika na kupotea, na mengine yakachipuka juu ya vilima vya kisiwani na ng'ambo, juu ya ardhi ya Mara. Yalikuwa mavundevunde: mawingu meupe, yamegawanyika, juu yana mafundo na chini yamekaa sawasawa.

Sababu ni jua. Ardhi hupata joto upesi, ilhali maji huchelewa. Hewa iliyo juu ya ardhi ikishapata joto huwa nyepesi, hupanda, na penye hewa inayopanda mnajua kinachofuata. Ule usawa wa chini wa mavundevunde nao una maana: unaonyesha kimo ambapo mvuke unaanza kugeuka matone. Mawingu yote ya eneo hilo huanzia kimo kimoja, ndiyo maana sehemu zake za chini zimepangwa kwenye mstari.

Mwaka 1802 mfamasia mmoja wa London, Luke Howard, alisimama mbele ya wenzake akasema mawingu yanaweza kupangwa kwa aina, jinsi mimea na wanyama wanavyopangwa. Aliyapa majina ya Kilatini ambayo dunia nzima bado inayatumia: sirasi kwa yale ya nyuzinyuzi, kumulasi kwa yaliyorundikana, stratasi kwa yaliyotandaa, na nimbasi kwa yanayonyesha. Kutokana na hayo, wataalamu leo hutambua aina 10 kuu. Huna haja ya kuzikariri zote kwa siku moja. Kila ukiona wingu, liulize maswali matatu.

La kwanza: liko juu kiasi gani? Yaliyo juu kabisa, zaidi ya kilometa 6 huku kwetu, kwa sehemu kubwa ni ya barafu, hata kama wewe uliye chini unatokwa jasho. Msishangae. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895 tu na kina barafu. Huko juu kuna sirasi yenye nyuzi, sirokumulasi yenye vipunje vidogo vyeupe, na sirostratasi, utando mwembamba unaolizungushia jua au mwezi duara kubwa la mwanga. Duara hilo hutokea mwanga unapopinda ndani ya vipande vya barafu.

Katikati kuna altokumulasi, mafungu madogo yaliyojipanga safusafu, na altostratasi, shuka la kijivu ambalo jua hupenya kwa shida na kushindwa kukupa kivuli.

Chini kuna stratasi, wingu bapa ambalo likigusa ardhi tunaliita ukungu, na watoto wa Lushoto wanalijua vizuri. Kuna stratokumulasi, mabonge mapana yaliyogusana, ambayo huwafichia watu wa Nairobi jua asubuhi nyingi za Julai. Kuna nimbostratasi, wingu nene la kijivu lililo la ngazi ya kati lakini hushuka hadi chini, linalonyesha kutwa bila kelele. Kuna kumulasi, yaani mavundevunde yetu. La 10 ni kumulonimbasi, ambalo halikai kwenye ngazi yoyote, kwa sababu huanzia chini na kuzipita zote.

Swali la pili: limerundikana au limetandaa? Wingu lililotandaa linasema hewa imepanda polepole juu ya eneo pana. Mvua yake ikija huwa ya utulivu na ya muda mrefu. Wingu lililorundikana linasema hewa inapanda kwa nguvu mahali padogo. Mvua yake huja kwa kishindo na kupita.

La tatu ndilo kubwa: linafanya nini? Chagua kilele cha wingu moja, kilinganishe na mti au pembe ya nyumba, kisha utazame kwa dakika 10. Kilele kikinyauka, wingu hilo ni la kupita. Kikizidi kuinuka, hata wingu likawa na urefu kuliko upana, na ukingo wake ukiwa mkali na mweupe, jua kwamba ndani yake hewa inapanda kwa kasi. Hilo usiliache macho.

Hapo ndipo lilipo jibu la lile swali nililoanza nalo. Dalili ya mvua ni wingu linalokua.

ALASIRI

Kufikia saa 8 mchana, ardhi ilikuwa imepata joto sana na hewa yake ikipanda kila mahali. Nafasi iliyoachwa ilijazwa na hewa ya baridi kutoka ziwani, ndio ule upepo wa mchana unaovuma kutoka majini kuelekea nchi kavu. Na kwa kuwa hewa iliondoka ziwani kwenda pande zote, hewa ya juu ililazimika kushuka ili kuziba pengo. Hewa inaposhuka hupata joto, na mawingu huyeyuka ndani yake. Ndiyo maana mchana katikati ya ziwa huwa kweupe, huku nchi kavu ikijaa mawingu.

Mbali mashariki, upande wa Kenya, upepo wa ziwa ulikuwa ukipanda miinuko ya Kericho na Nandi. Milima iliusukuma juu zaidi, ukakutana na upepo mwingine utokao mashariki. Hapo mavundevunde yakageuka minara, na minara ikawa kumulonimbasi.

Wingu hili ndilo kubwa kuliko yote. Chini yake laweza kuwa kilometa 1 tu kutoka ardhini, na kichwa chake katika nchi za joto hufika kilometa 15 na kupita, juu kuliko ndege za abiria zinavyoruka. Likifika pale ambapo hewa haiwezi kupanda tena, kichwa hutandazwa bapa na upepo wa juu. Ukikiona kichwa hicho bapa, hata kikiwa mbali, unaona dhoruba iliyokwisha kukomaa.

Ndani yake, maji yaliyopoa chini ya nyuzi 0 bila kuganda hugandia vipande vya barafu, navyo hurushwa juu na kuteremka na kurushwa tena, vikinenepa kila safari, hadi upepo unapochoka kuvibeba. Hiyo ndiyo mvua ya mawe. Kericho ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua hiyo mara nyingi zaidi, na wakulima wa chai wa huko huona majani yao yakichanwa kwa dakika chache.

Barafu hizo zikigongana hupata chaji ya umeme. Chaji ikizidi, radi hupiga, na hewa kwenye njia yake hufikia joto la karibu nyuzi 30,000, mara 5 ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo hutanuka ghafla, na mtanuko huo ndio ngurumo mnayoisikia. Mwanga hukufikia papo hapo, lakini sauti huchukua sekunde 3 kusafiri kilometa 1. Kwa hiyo ukiona mmweko, hesabu. Ngurumo ikija baada ya sekunde 9, radi ilipiga kilometa 3 kutoka ulipo. Ikija kabla ya sekunde 30, ingia ndani ya nyumba imara au gari lililofungwa. Usisimame chini ya mti, usibaki uwanjani, usiwe majini. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke. Mvua kupungua si ruhusa ya kutoka, kwa sababu radi huweza kupiga nje ya mvua.

Binti alikuwa ameketi na babu wakirekebisha wavu. Aliona upande wa mashariki, chini kabisa kwenye upeo, kichwa bapa cheupe.

"Lile liko mbali, babu. Litatufikia?"

"Upepo wa huko juu mara nyingi hutoka mashariki. Wingu la dhoruba lililo magharibi yetu kwa kawaida linakwenda zake. Lililo mashariki tunalifuatilia, maana njia yake huenda ikapita kwetu."

MAGHARIBI

Jua lilipozama, anga la Ukerewe lilikuwa limetakata kabisa. Kile kichwa bapa kilikuwa kimefifia. Ziwa limetulia. Mwezi ulikuwa haupo, giza zuri la dagaa, na siku za giza kama hizo ni chache katika mwezi. Wavuvi walianza kujaza mafuta na kupanga taa.

Binti alishika simu ya babu akasoma kwa sauti utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo watu wengi huiita TMA kwa kifupi. Ulitoa tahadhari kwa Ziwa Victoria usiku huo: vipindi vya mvua na ngurumo, upepo mkali na mawimbi makubwa. Chini yake paliandikwa: uwezekano wa kutokea, wastani, kiwango cha athari, wastani.

Nahodha mmoja kijana alisogea. "Mzee wangu, tahadhari ya nini? Tazama juu. Hakuna hata wingu."

Hapo binti akalifikia swali letu la pili. "Babu, waliotabiri wameona nini ambacho sisi hatukioni?"

Ngoja niwaeleze wameona nini, kisha turudi mwaloni.

Kila siku, kwenye vituo vilivyotawanyika dunia nzima, watu na mitambo hupima joto, unyevu, upepo, mvua na mgandamizo wa hewa. Saa 9 alasiri na saa 9 usiku kwa saa zetu, vituo vingi duniani hurusha puto kwa wakati mmoja. Puto hubeba kifaa kidogo chenye redio, kikipima hewa tabaka kwa tabaka na kutuma majibu hadi puto linapopasuka, mara nyingi kwenye kimo cha kilometa 30 hivi. Kilometa 36,000 juu ya ikweta, setilaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat hutazama Afrika yote na kutuma picha mpya kila baada ya dakika 10 hadi 15. Nazo rada, mojawapo ikiwa Mwanza, hurusha mawimbi ya redio yanayogonga matone ya mvua na kurudi, zikaonyesha mvua iko wapi na inaelekea wapi.

Vipimo hivyo vyote huingizwa kwenye kompyuta kubwa zinazokokotoa hewa itasukumwa wapi, itapoa kiasi gani, na mvuke utageuka maji wapi. Kompyuta haisubiri wingu litokee. Inafuatilia hewa yenyewe, na hewa ndiyo inayotangulia wingu.

Kazi hii tangu mwanzo ilifanywa kwa ajili ya vyombo vya majini. Oktoba 1859 dhoruba iliizamisha meli Royal Charter karibu na pwani ya Wales, na watu zaidi ya 400 wakafa. Robert FitzRoy, baharia aliyekuwa akiongoza ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza, alijua kwamba dhoruba husafiri, na kwamba habari zinazopita kwenye waya za telegrafu husafiri kwa kasi kuliko dhoruba. Mwaka 1861 akaanza kutuma tahadhari bandarini, na mwezi Agosti mwaka huohuo utabiri wake ukaanza kuchapishwa katika gazeti la The Times.

Kwa nini basi utabiri husema "uwezekano" badala ya kusema "itanyesha" au "haitanyesha"? Mwaka 1961 Edward Lorenz, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa na kompyuta iliyokokotoa hali ya hewa ya mfano. Siku moja alirudia hesabu akaanzia katikati, na badala ya kuandika 0.506127 akaandika 0.506. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko kosa la kipimo chochote cha kawaida. Mwanzoni majibu yalifanana na ya awali, kisha yakaanza kupishana, na mwishowe hayakuhusiana hata kidogo. Lorenz alielewa kwamba katika hewa kosa dogo la mwanzo hukua, na hakuna mtu anayeweza kupima hewa yote ya dunia bila kosa hata kidogo. Utabiri wa kesho huwa wa kuaminika kuliko wa wiki ijayo kwa sababu hiyo.

Wataalamu wakapata njia. Hawakokotoi mara moja tu. Kituo cha pamoja cha utabiri cha nchi za Ulaya hurudia hesabu mara 51, karibu kila mara kikianzia mahali palipobadilishwa kidogo. Tuseme hesabu 45 kati ya hizo zimeleta dhoruba: uwezekano ni mkubwa. Zikiwa 25, ni wastani. Zikiwa 5, ni mdogo. Mtabiri wa nchi yako huchukua majibu ya namna hii, akaongeza vipimo vya kwake na ujuzi wake wa milima na maziwa ya kwao, ndipo anapoandika.

Na maneno anayoandika yana vipimo. "Maeneo machache" ni onyo kwamba jirani anaweza kulowa wewe ukabaki mkavu. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita 1 ya mraba. TMA inaposema mvua kubwa, inazungumzia zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Paa la mita za mraba 40 hupokea lita 2,000 kwa milimita hizo 50, yaani ndoo 100 za lita 20. Sasa fikiria kila paa la mtaa wenu, na mfereji mmoja wa kupokea yote. Kisha kuna ngazi za maonyo: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu.

USIKU

Sasa turudi ziwani, tujibu lile swali la alfajiri.

Giza likiingia, ardhi hupoteza joto lake upesi kama ilivyolipata. Ziwa halifanyi hivyo. Maji yake hubaki na joto la karibu nyuzi 25 usiku kucha. Basi upepo hugeuka: hewa iliyopoa huteremka kutoka nchi kavu kwenda majini. Inatoka Mara, inatoka Kagera, inatoka Uganda, inatoka Kenya. Ziwa limezungukwa na ardhi pande zote, kwa hiyo pepo hizo zote hukutana kati. Zikishakutana hazina pa kwenda ila juu, zikibeba mvuke wa maji ya vuguvugu. Penye hewa inayopanda, mnajua kinachofuata. Kumulonimbasi zinaota juu ya ziwa wakati ambapo watu wa nchi kavu wamelala na wavuvi wa dagaa wako kazini.

Hivyo anga lililotakata magharibi halikuwa ahadi yoyote. Lilikuwa limetakata kwa sababu ya upepo wa mchana, na upepo wa mchana ulikuwa umekwisha. Jibu la swali la pili ni ndiyo: mvua yaweza kuwa njiani bila wingu hata moja, na anayeweza kuiona mapema hivyo ni yule anayefuatilia hewa.

Babu aliuacha mtumbwi wake ufukweni. Mitumbwi miwili ilitoka, ukiwamo wa yule nahodha kijana.

Kabla ya kulala, babu alimweleza binti jambo ambalo kila anayepanda chombo cha majini anapaswa kulijua. Mvua nzito inapoanguka kutoka kwenye kumulonimbasi huvuta hewa baridi chini. Hewa hiyo ikigonga maji husambaa kwa kasi mbele ya wingu, ikafika kabla ya mvua. Ukiwa umetulia kwenye joto halafu ukapigwa ghafla na upepo wa baridi, na juu ya maji ukaona mstari mweusi unasogea, zimebaki dakika chache kabla ya mawimbi. Hapo hakuna tena cha kutabiri. Ni kuvaa jaketi la kujiokolea, kama hukuwa umelivaa, na kukimbilia ufukwe ulio karibu.

Saa 8 usiku binti aliamka kunywa maji. Upande wa magharibi, mbali sana, umeme ulikuwa ukimulika wingu kutoka ndani, tena na tena, bila sauti. Dhoruba ilikuwa mbali mno ngurumo zake kuwafikia.

ASUBUHI YA PILI

Ukerewe haikupata hata tone. Mitumbwi miwili ilirudi salama na dagaa wengi. Nahodha kijana alimwamkia babu, kisha akasema, "Mzee, utabiri wako umetudanganya."

Baadaye mchana simu ya babu ililia. Alikuwa rafiki yake wa upande wa Bukoba. Huko usiku ulikuwa mbaya, mvua na upepo, na waliokuwa ziwani walirudi kwa taabu. Dhoruba za usiku za ziwa hili mara nyingi husukumwa magharibi, na Bukoba kwa mwaka hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza.

Binti aliwaza, kisha akauliza, "Babu, kwa hiyo ulikosea kutotoka?"

"Waliotuambia hawakusema itakuja. Walisema uwezekano ni wastani. Jambo lenye uwezekano wa wastani huja siku nyingine na kutokuja siku nyingine, na katika siku zote mbili utabiri unakuwa umesema kweli. Mimi nilipima vitu viwili. Nikibaki bure, nimekosa dagaa wa usiku mmoja. Nikitoka na dhoruba ikanikuta, mnaweza kunikosa mimi."

Hilo ndilo linaloandikwa katika ile mistari miwili ya tahadhari, uwezekano na athari. Mtu mwenye busara huisoma yote miwili. Uwezekano mdogo wa kulowa sare ya shule si sawa na uwezekano mdogo wa kusombwa na mto unaovuka kwenda shuleni.

Nawaambieni haya kwa sababu ninyi ndio mnaoshika simu nyumbani na kuwasomea wakubwa. Msiwasomee neno la kwanza tu mkaacha uwezekano na athari. Utabiri unakujulisha siku, nalo wingu, ukiwa umelizoea, linakujulisha saa. Anayeshika kimoja na kudharau kingine ameacha nusu ya habari.

Nawapeni kazi ya siku 7. Kila siku saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, toka nje, tazama pande zote nne, uandike daftarini mambo matatu: mawingu yako juu kiasi gani, yamerundikana au yametandaa, na yanakua au yanapungua. Andika pia upepo unatoka wapi. Jioni sikiliza utabiri wa mkoa wako kwenye redio au uusome kwenye simu, uunakili neno kwa neno, na kesho yake uandike kilichotokea nyumbani kwenu na kwa rafiki yako wa mtaa wa mbali. Siku ya 8 mtu akikuuliza kama mvua itanyesha, usimjibu ndiyo wala hapana. Mwambie uwezekano ni upi, na umweleze sababu.